Tupeane uzoefu: NGK, Denso au Bosch, plagi ipi inafaa magari yetu ya Malindi?

Mwenye mada
Assalaam aleikum wadau. Nauliza plagi, zile zinazotoa cheche ya kuwasha petroli ndani ya injini. Kila duka la spea hapa mjini lina jibu lake: huyu NGK, yule Denso, wa tatu anakutolea Bosch. Injini inayozungumziwa ni 1NZ-FE, ile ya Toyota Probox na Fielder. Safari zake nyingi ni za mjini na Watamu, mara mojamoja Garsen hadi Mokowe. Mafundi na wauza spea, tuwekeeni namba, vipimo na dalili za feki. Tusiishie kwenye "chukua hii, nzuri."

Fundi wa Muyeye
Waaleikum salaam. Jina la kampuni ni jambo la tatu. La kwanza ni namba, la pili ni kama plagi ni orijino. Chukua NGK BKR5E-11. BK ni uzi wa milimita 14 na soketi namba 16. R ni rezista iliyo ndani, kipande cha kupunguza mkondo wa umeme. 5 ni daraja la joto, yaani plagi inavyopoteza joto: ya baridi hulitoa upesi, ya moto hulishikilia. E ni urefu wa uzi, milimita 19. 11 ni mwanya wa milimita 1.1, nafasi ambayo cheche huiruka kati ya ncha na mguu wa chuma ulio juu yake. Mwenzake kwa Denso ni K16R-U11. Zote mbili ni za nikeli, zote zinakaa kwenye 1NZ-FE, na zikiwa halisi dereva hatazitofautisha barabarani.

Watu wanapotelea kwenye daraja la joto. Kwa NGK na Denso, namba ikipanda plagi ni ya baridi zaidi: NGK 5 ni Denso 16, NGK 6 ni Denso 20. Bosch na Champion wanahesabu kinyume, namba ikipanda plagi ni ya moto zaidi. Inayokaribia NGK 5 ni Bosch 8. Anayetoa NGK 5 akatia Bosch 5 kwa kuona namba ni ileile, ametia plagi ya baridi mno, na itajaa masizi.

Fundi wa Maweni
Niongeze hapo hapo. Ule ushauri wa "Pwani joto, weka plagi ya baridi" unaharibu magari. Ncha ya plagi hujisafisha ikifika nyuzi 450 hivi, na ikipita 850 huanza kuwasha petroli kabla ya wakati. Mbele ya moto huo, nyuzi 32 za Malindi ni kitu gani? Gari la mjini, la kutoka nyumbani hadi sokoni na kurudi, halipati hata nafasi ya kuchemka sawasawa. Ukilitia plagi ya baridi, masizi yanaganda kwenye kauri, na asubuhi linamisi, yaani silinda haiwaki sawasawa.

Adui wa hapa kwetu ni chumvi na unyevu, hasa kusi ikivuma na gari linalala karibu na ufuo. Ganda la plagi linashika kutu, pini za koili (kifaa kinacholeta umeme mkali kwa plagi) zinaota ukijani. Mpira wa koili ukipasuka, umeme unavujia kwenye hedi (kichwa cha injini) badala ya kushuka kwenye ncha. Paka grisi ya silikoni kidogo tu ndani ya mdomo wa mpira. Na kabla hujalaumu plagi, badilishana koili ya silinda ya 1 na ya 2. Kodi ya hitilafu kwenye kompyuta ya gari, P0301 (silinda ya 1 inamisi), ikihamia P0302 (silinda ya 2), koili ndiyo mbovu. Pesa ya plagi iweke mfukoni.

Muuza spea, Barani
Kuhusu feki: boksi lisikudanganye, boksi linachapishika. Weka mita kati ya kichwa cha juu na ncha ya kati. Plagi yenye R husoma takriban omu 3,000 hadi 7,000. Ikisoma sifuri, ndani hamna rezista, irudishe. Tazama pia wosha yake (pete ya chuma chini ya uzi): ya halisi haichomoki ovyo ukiizungusha. Mguu wa juu ukiwa umepinda kando ya ncha, iache.

Plagi za iridiamu, zenye ncha nyembamba ya madini magumu, nazo si moja. Denso Iridium Power ina ncha ya milimita 0.4, NGK Iridium IX 0.6, lakini hizo si za kudumu kilomita 100,000. Ya masafa hayo ni kama Denso SK16R11, ambayo mguu wake una platinamu. Za nikeli zibadilishe zikifika kilomita 20,000 hadi 30,000.

Fundi wa Muyeye
Kufunga sasa. Injini ipoe kabisa, hedi ni ya alumini na uzi wake unaliwa upesi. Puliza mchanga kwenye shimo kabla ya kufungua. Ingiza plagi kwa kipande cha paipu ya petroli: uzi ukipishana, paipu itateleza mkononi badala ya kulazimisha. Wosha ikigusa, plagi mpya ongeza nusu mzunguko hadi theluthi mbili. Iliyokwisha tumika, mzunguko 1/12 tu. Mwenye spana ya kupima, 1NZ-FE ni Nm 18 (kipimo cha nguvu ya kukaza). Uzi usiupake grisi, maana utakaza kupita kiasi bila kujua. Mwanya wa iridiamu usiugonge wala kuupanua kwa bisibisi, ncha inavunjika.

Ukikuta oili ndani ya shimo, badilisha mipira ya mashimo kwenye tapeti kava (kifuniko cha juu cha injini) kwanza, la sivyo koili mpya nayo itakufa. Ile pete ya kahawia kwenye kauri, juu kidogo ya chuma, si uvujaji. Plagi hiyo irudishe kazini.