Simulesheni ya CAN inatoa 1.78 ms, kwenye waya napata 7.1 ms

matone_hombolo
Wakuu, habari za jioni. Nina nodi 4 za CAN (mtandao ambao vidhibiti vyote hutumiana jumbe kwa waya mmoja wa pamoja, yaani basi) kwenye pampu na vali za umwagiliaji wa matone, shamba la zabibu Hombolo. Kila nodi ina chipu ya MCP2515 ya kutuma na kupokea jumbe, mwendo 125 kbit/s, waya mita 400. Jumbe ni 6, zote za baiti 8, na kila mmoja una kitambulisho chake (kidogo ndicho chenye kipaumbele): 0x100 kila ms 5, 0x110 na 0x120 kila ms 10, 0x200 kila ms 20, 0x300 kila ms 50, 0x500 kila ms 100. Ujumbe wa 0x110 unabeba presha ya bomba na lazima ufike ndani ya ms 5. Unatoka nodi ya pampu, pamoja na 0x500.

Simulesheni nimeiandika kwa SimPy (maktaba ya Python), kila fremu, yaani ujumbe mmoja kwenye waya, biti 111. Ucheleweshaji mkubwa wa 0x110 ni 1.78 ms, hata niiache saa nzima haubadiliki. Osiloskopu inafika 7.1 ms. Nimekosea wapi?

fundi_makulu
Kutobadilika huko ndiko dalili. Umeanzisha jumbe zote sekunde sifuri, na vipindi vyote vinagawanyika kwa 5. Kila 0x110 inapoamka, basi liko wazi na mbele yake kuna 0x100 peke yake: 2 × 0.888 = 1.776.

Biti 111 ni fremu isiyo na biti za kujazia. Zikifuatana biti 5 zinazofanana, CAN huchomeka moja ya kinyume. Kwa baiti 8 zinaweza kuongezeka hadi 24. Tumia 135, yaani 1.08 ms kwa mwendo wako. Halafu fremu iliyokwisha kuanza haikatizwi, hata ikiwa ya kipaumbele cha chini kabisa. Kwa hiyo hesabu ya hali mbaya zaidi ya 0x110: fremu moja inayoziba, 0x100 moja, na yenyewe. 3.24 ms.

Ili simulesheni iione hali hiyo, ipe kila nodi saa yake. Kristali mbili za saa zenye kosa la 50 ppm (sehemu 50 kwa milioni) zinaweza kuachana 0.1 ms kila sekunde, hivyo kwa sekunde 100 nodi mbili hupitia kila pengo linalowezekana ndani ya ms 10. Endesha zaidi ya hapo, na mwanzo wa kila nodi uwe wa kubahatisha. Angalizo la SimPy: basi likiwa tupu, anayeomba kwanza ndiye anayepewa, hata kama mwenye namba ndogo ameomba muda huohuo. Subirisha biti moja (µs 8) kabla ya kuchagua mshindi.

nkuhungu_kodi
Naongezea, kwa sababu 7.1 imepita 3.24. Kipimo kikizidi kikomo cha hesabu, kuna kitu kwenye waya ambacho modeli haina. Mimi ningezishuku bafa za MCP2515, sehemu ambako ujumbe husubiri kutumwa.

Chipu ina bafa 3 za kutuma na haiangalii kitambulisho cha ujumbe. Inaangalia biti za TXP, yaani kipaumbele cha 0 hadi 3 unachokipa kila bafa. Zikilingana, bafa yenye namba kubwa ndiyo inayotangulia. Sasa 0x110 ikae TXB0 (bafa namba 0), 0x500 iingie TXB1: chipu inapeleka 0x500 kwenye ushindani, inashindwa na 0x100, 0x120, 0x200, 0x300, na muda wote huo 0x110 imekwama nyuma yake. Fremu 4, kisha 0x500 yenyewe, kisha 0x100 iliyoamka tena kwenye ms 5, ndipo zamu yako: 7 × 1.08 = 7.56. Ndiyo 7.1 yako hiyo, fremu halisi hazijazwi biti zote 24.

Weka TXP ya 0x110 iwe 3 na ya 0x500 iwe 0. Chipu hulinganisha upya kabla ya kila mwanzo wa fremu, hivyo 0x500 ikishindwa mara moja tu inapisha. Kwenye simulesheni, kila nodi iwe na foleni yake yenye kanuni hiyohiyo ya bafa. Mkiiga basi peke yake bila bafa, mnakosa nusu ya tatizo.

matone_hombolo
Shukrani sana wakuu. Nikipandisha mwendo hadi 500 kbit/s si itaisha?

fundi_makulu
Hapana mkuu, usiguse mwendo. Kila nodi lazima ione biti ya mwenzake ndani ya biti hiyohiyo. 500 kbit/s inataka waya wa takriban mita 100, wewe una 400. Anza na TXP, kisha pima tena kwa dakika 20 angalau, maana 0x500 ya ms 100 inahitaji sekunde 1000 kuzunguka pengo lake lote.