Bibi wa miaka 68 na wajukuu wawili: wafanye nini pamoja wote watoke kwenye kochi?

Baba_Kinyerezi

Habari za jioni wanajukwaa. Naomba mawazo, hasa kwa wenye wazee nyumbani.

Mama yangu ana miaka 68. Tulimleta Dar mwaka jana baada ya mzee kufariki, kwa sababu kule Mlalo, milima ya Usambara mkoani Tanga, alibaki peke yake na mlima wa kwendea shambani ni mkali. Alipokuwa kwao aliamka alfajiri, anapanda kwenye maharage, anashuka na kuni kichwani. Hapa Kinyerezi anaamka, anakaa kibarazani, jua likikolea anahamia kwenye kochi. Ana presha, dawa anakunywa kila siku bila kukumbushwa. Goti la kulia linamsumbua akikaa muda mrefu. Sukari hana.

Wanangu ni wa miaka 9 na 6. Basi la shule likiwashusha saa kumi, viatu vinabaki mlangoni na rimoti iko mkononi. Bibi anakaa nao, wote watatu macho kwenye tamthilia. Wanapendana sana na hilo namshukuru Mungu. Ila naona miguu ya mama inaisha nguvu. Juzi nilimwona anashika ukuta ili anyanyuke. Huyu ni mtu niliyemzoea na mzigo wa kuni kichwani.

Nikimwambia atembee asubuhi ananijibu, "Mazoezi ni ya watu wa ofisini, mimi nimelima maisha yangu yote." Mke wangu naye anaogopa asije akaanguka. Uwanja wetu ni mdogo, nusu udongo, nusu pevingi. Kuna vitu gani bibi na wajukuu wanaweza kufanya pamoja, ambavyo hawatavichoka baada ya siku mbili? Na kwa goti hilo na presha, si hatari?

Mkulima_Uyole

Pole na msiba, kaka.

Hiyo nusu ya udongo usiiguse, ni mali. Tafuta viroba vya mchele vilivyoisha, jaza udongo na samadi, vipange ukutani, panda mchicha na sukuma wiki. Kiroba kikisimama kinafika usawa wa kiuno, kwa hiyo mama hainami sana. Kila mtoto awe na kiroba chake na ndoo yake ndogo ya maji. Bibi ndiye bwana shamba. Kubeba maji, kupalilia, kuchuma, yote hayo ni viungo vinafanya kazi, na jioni mboga iko mezani. Mtu wa Usambara hawezi kuuona mche unanyauka akaendelea kuangalia tamthilia.

Bibi_wa_Kikwajuni

Mwanangu, mimi nakaa Unguja. Umri wangu na wa mama yako haupishani sana, na presha ninayo kama yeye.

Kwanza nikwambie hili. Mama yako ametoka kwenye mji aliouendesha mwenyewe, akijua leo kunapaliliwa wapi na kesho nani anakwenda sokoni. Sasa anaambiwa "mama tembea" kama anavyoambiwa "mama kunywa dawa". Atakataa, na mimi ningekataa. Wape wale watoto wawe chini ya amri yake. Mwambie, "Mama, hawa hawajui mchezo wowote, wafundishe." Hapo miguu itanyanyuka yenyewe.

Kwetu huku mazoezi hayana umri. Alfajiri utakutana na vikundi barabarani, wanawake na wanaume, mitandio imefungwa vizuri, wanakimbia taratibu huku wanaimba na kupiga makofi. Na kila tarehe 1 Januari vikundi hivyo vinakusanyika kwa matembezi makubwa na mazoezi ya viungo, na viongozi wa Serikali huwemo. Wajukuu zangu nimewachukua kwenye matembezi hayo tangu walipokuwa wa kushikwa mkono. Lakini hiyo ni siku moja ya mwaka. Kinachojenga mwili ni jioni za kawaida.

Jioni zetu basi. Wakirudi chuo cha Qur'ani tunatoka kiwanjani kabla ya magharibi. Tunacheza nage, nyie wa bara mnaita rede. Wawili wanarusha mpira, mmoja yuko kati anakwepa, na ukitaka ugumu zaidi wa kati anajaza mchanga kwenye chupa huku anarushiwa. Mimi kati siingii, goti halipendi kugeuka ghafla. Mimi ni mrushaji. Na kurusha kuna kazi kuliko anavyodhani mtazamaji. Unaokota mpira, unanyanyua mkono juu ya bega, uzito unahama kutoka mguu wa nyuma kwenda wa mbele, unarudi hatua mbili kuudaka ukirudishwa. Dakika chache tu jasho liko shingoni.

Mpira tunatengeneza wenyewe. Soksi kuukuu, vitambaa vya fundi cherehani ndani yake, unakaza kwa uzi wa katani huku na huku mpaka unadunda kidogo. Ukimpiga mtoto mgongoni haumuumizi. Usiwanunulie wa dukani. Mwache bibi akae nao chini washone, maana hapo ndipo mchezo unapoanza kuwa wao. Wangu siku ya kwanza niliwaambia sitoki nje mpaka waniletee soksi. Walipekua nyumba nzima, televisheni ikabaki inajisemea.

Kitu cha pili, hizo pevingi zenu zina faida. Sisi tunachora mstari wa chaki kwenye saruji, mrefu, kando ya ukuta. Tunatembea juu yake, kisigino cha mguu wa mbele kinagusa vidole vya mguu wa nyuma. Mkono wangu uko karibu na ukuta bila kuushika, na mjukuu yuko upande wa pili. Mwisho wa mstari tunasimama mguu mmoja, kisha mwingine. Wa kuhesabu ni yule mdogo, na anahesabu kwa Kiarabu kama alivyofundishwa chuoni. Akiruka namba anarudi moja, mimi mguu bado uko juu! Nilipoanza nilikuwa nashika ukuta kila hatua. Siku hizi nageuka bila kugusa kitu.

Kiti nacho usikisahau. Kiwe kigumu, cha kulia chakula, kimeegemezwa ukutani kisiteleze. Bibi na mjukuu wakae kila mtu na chake, mikono kifuani, wanyanyuke na kukaa polepole. Mtoto atataka kwenda haraka, bibi amzuie: anayekaa kwa kishindo ameshindwa. Kushuka taratibu ndiko kunakotia nguvu mapaja, na mapaja ndiyo yatakayomfanya asishike ukuta tena. Kochi halifai kwa kazi hii, linammeza mtu.

Na mkipata nafasi wapelekeni bahari. Sisi tunangoja bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, maji yanakupwa mbali mno. Tunatembea kwenye mchanga uliolowa, ule mgumu. Mchanga mkavu unazamisha mguu na goti litalalamika usiku. Watoto wanaokota kombe, wanafukuza kaa, kila dakika "bibi, hiki nini?", na mimi nalazimika kwenda kuangalia. Mtu hahesabu hatua akiitwa hivyo.

Mwisho, muulize mama alicheza nini alipokuwa msichana huko Mlalo. Muulize watoto wakiwepo.

Mama_Segerea

Bibi, shikamoo. Umenigusa hapo pa amri.

Baba_Kinyerezi, mimi niongeze jambo la aibu. Mama mkwe wangu alikuwa tayari kucheza na watoto ndani ya geti, lakini barabarani hapana. Aliona watu watasema mtu mzima anarukaruka. Kilichomtoa ni kuona wenzake. Mtaani kwetu kuna kikundi cha jogging, na Jumamosi vijana wanakimbia mbele, wazee na watoto wanatembea nyuma na chupa zao za maji. Mtakumbuka Desemba 2016 Mama Samia, wakati ule Makamu wa Rais, alihimiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe ya mazoezi. Sehemu nyingi liliishia njiani, na inanisikitisha, lakini vikundi vya mitaani vipo bado. Ulizia kwa mjumbe wenu.

Na kutoka Kinyerezi hamko mbali na vilima vya Pugu. Mpeleke mama siku moja asubuhi aone miti na mteremko. Dar yetu ni tambarare, mtu wa milimani anaumwa na tambarare.

fizio_Moro

Nafanya kazi ya fiziotherapia, yaani tiba ya viungo, wagonjwa wangu wengi ni wa umri wa mama yako. Bibi wa Kikwajuni amefundisha vizuri, na ule mstari wa chaki ni zoezi tunalowapa wagonjwa kliniki.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unasema mtu wa miaka 65 na kuendelea apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za kazi ya wastani, kama kutembea kwa haraka. Juu ya hapo, mazoezi ya nguvu za misuli angalau siku 2 kwa wiki, na ya kuzuia kuyumba na kuanguka siku 3 au zaidi. Watoto wa miaka 5 hadi 17 wanahitaji wastani wa dakika 60 kila siku, za kuwafanya waheme. Ukiangalia, jioni moja ya rede, mstari na kiti inagusa karibu kila kitu kwa wote watatu. Na si lazima aanze na 150. Aanze na dakika kumi, aongeze taratibu.

Kujua kama amezidisha ni rahisi. Akiwa anatembea na wajukuu aweze kuongea nao sentensi nzima. Akishindwa kumaliza sentensi apunguze. Akiweza kuimba wimbo wote bila kutweta, wanaweza kuongeza mwendo.

Presha. Mtu mwenye presha inayodhibitiwa kwa dawa anafaidika na mazoezi, na kwa muda mrefu yanasaidia kuishusha. Mpimeni kabla ya kuanza. Namba ya juu ikisoma 180 au zaidi, au ya chini ikisoma 110 au zaidi, siku hiyo asifanye, aende kituo cha afya. Asibane pumzi anaponyanyuka kwenye kiti, atoe hewa wakati wa kunyanyuka. Baadhi ya dawa za presha zinaleta kizunguzungu mtu akisimama ghafla, kwa hiyo akitoka kulala au kuinama asubiri kidogo ndipo aanze mwendo. Kifua kikibana, pumzi zikikata, au akiona giza, wanaacha hapohapo na anapelekwa hospitali. Hilo mfundisheni mtoto wa miaka 9: bibi akisema kifua kinauma, kamwite mtu mzima mara moja.

Goti siwezi kusema lina nini bila kuligusa, apimwe. Lakini magoti mengi ya umri huo yanaumia zaidi kwa kukaa kuliko kwa kutembea, na misuli ya paja ikipata nguvu goti linapumua. Maumivu madogo yanayoisha jioni ileile yasimtishe. Likivimba, au likiuma zaidi kesho yake, wapunguze. Asichuchumae kabisa kwa sasa, kiti kinatosha.

Ndala marufuku kwenye mchezo. Mnunulieni raba za kufunga, kisigino kiwe kimefunikwa, na dera lisiburuze. Kwenye kuanguka kwa wazee nimekutana na ndala na nguo ndefu mara nyingi kuliko mbio zenyewe.

Baba_Kinyerezi

Shikamoo bibi. Asanteni sana wote, fizio nimemsomea mke wangu na ametulia.

Nimefanya ulivyosema. Jana wakati wa chakula nilimuuliza mbele ya watoto alicheza nini utotoni. Akaacha kijiko. Kumbe alikuwa bingwa wa kuruka kamba! Anasema walikuwa wanasokota kamba ya mgomba, wasichana wanajipanga, na yeye walimshindwa hadi giza linaingia. Sikuwahi kulijua hili. Wa miaka 6 akamwambia, "Bibi, turuke sasa hivi." Leo asubuhi nimemkuta mama uani anapima kamba ya kuanikia nguo kwa mikono.

Sasa naogopa. Anataka kuruka kweli. Kwa goti hilo?

Bibi_wa_Kikwajuni

Marahaba mwanangu. Umenifurahisha!

Asiruke. Azungushe. Mwenye kamba ndiye mwenye mchezo, anaweka mwendo, anaimba, anamwita wa kuingia na kumtoa aliyekanyaga. Na kamba ndefu kuizungusha ni kazi ya bega na kiuno, asikudanganye mtu. Kwa kuwa watoto ni wawili, ncha moja ifungeni kwenye nguzo ya geti usawa wa kiuno chake, ncha nyingine ashike yeye. Hapo mmoja anaruka, mwingine anangoja zamu. Asimame kwenye udongo, miguu ameiachanisha, na kila wakibadilishana abadilishe mkono.

Hiyo ya kuanikia nguo ni nyepesi, itapeperuka. Mtafutie ya katani, nene kama kidole gumba. Huko Tanga kwao si ndiko inakotoka?

fizio_Moro

Naunga mkono, azungushe tu. Goti likipimwa na mapaja yakipata nguvu, baada ya miezi michache tunaweza kuzungumza habari ya kuivuka kamba ikiwa imelala chini, hatua kwa hatua. Na pevingi zikilowa mvua, mchezo uhamie ndani: kiti na mstari.

Baba_Kinyerezi

Kamba naifuata kesho Kariakoo. Raba anavaa namba 38, nitazichukua hukohuko. Watoto wameshaulizana nani ataanza, na mama amesema ataamua yeye.