Naacha kazi nikatumike na vijana wa ziwani, au ndo namtelekeza mama? Naombeni ushauri

Binti wa Gungu

Bwana Yesu asifiwe wapendwa, mwakeye wana Kigoma wote. Naomba ushauri wa watu waliokomaa, wa kunifariji tu ninao wengi.

Mimi ni dada wa miaka 28, nafanya uhasibu kwenye kampuni binafsi hapa Kigoma mjini na kanisani kwetu ni mlezi wa vijana. Jumamosi nyingi utanikuta Kibirizi na mabinti wanaoanika dagaa, wengi wao waliacha shule na wengine wana watoto. Tulianza kwa kuomba na kusoma Neno palepale wakisubiri dagaa zikauke, afu ikaja ishu ya shule, maana tangu serikali iliporuhusu Novemba 2021 waliojifungua warudi masomoni wapo waliotaka kurudi ila hawajui waanzie wapi, kwa hiyo nikajikuta nafuatilia barua kwa wakuu wa shule, wengine wamerudi darasani na wengine wanasoma jioni kwa ajili ya QT, ule mtihani wa maarifa kwa walio nje ya shule.

Sasa mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa watu wasivue, Mei 15 mpaka Agosti 15, tulialikwa na kanisa moja dogo huku kaskazini ukishapita Gombe kama unaelekea Kagunga. Vijana wote walikuwa nchi kavu, hakuna anayeenda ziwani na taa, na jamani nilichokiona sijakisahau. Unakuta kijana wa miaka 15 mtu mzima pekee anayemuuliza habari zake ni tajiri wa mtumbwi, na yeye anamuuliza kama atakuja kazini. Tulikaa nao jioni ufukweni wakawa wanauliza maswali mpaka giza linaingia, mmoja anauliza kama Mungu anasikia maombi ya mtu anayelala ziwani Jumapili. Tulipoondoka wazee wa kanisa wakaniambia binti rudi ukae na hawa watoto, chumba kipo nyuma ya kanisa ila mshahara hatuna.

Toka hapo ofisini nipo mwili tu. Nimeomba, nimefunga, nimeshirikisha wachache, na moyo hauondoki kule.

Tatizo ni nyumbani. Mama ana kisukari na dawa zake nanunua mimi. Mdogo wangu yuko kidato cha tano Tabora, ada ilifutwa 2022 sawa, lakini nauli ya treni, madaftari na matumizi hayajafutwa. Kwenye mshahara Bodi ya Mikopo wanakata ile 15% yao, bado kuna marejesho ya vikoba. Nilipomwambia mama alikaa kimya muda mrefu afu akasema, "Sikuuza dagaa mpaka miguu ikavimba ili wewe usome halafu urudi kwenye dagaa." Hakusema lingine na mimi sikuwa na jibu.

Nitajuaje kama huu ni wito wa kweli na sio hisia? Na kama ni wito, mama namuachaje?

Kijana wa Mwanga

Dada mtumishi wa Mungu NENDA. Elisha alipoitwa alikuwa analima, akachinja wale ng'ombe, akapika nyama kwa miti ya jembe lenyewe, yani hakuacha pa kurudia, soma 1 Wafalme 19. Ukianza kupiga hesabu za marejesho hutaenda popote, kila siku kutakuwa na mkopo, kila siku kuna mgonjwa. Mungu aliyekuita atamtunza mama kuliko wewe unavyomtunza. Kizazi chetu tumezoea huduma ya kupiga picha, kijana anahudumu kwenye kongamano lenye spika kubwa ila kule kwenye dagaa na mbu haendi. We umesikia, wengi hatutaki hata kusikia. Naanza kukuombea leo.

Mama Mchungaji wa Kasulu

Mwanangu nimesoma habari yako mara mbili nikalia, kwa hiyo nivumilie nikiandika kirefu.

Kwanza huyu mwanangu wa Mwanga namshukuru kwa moto wake, ila Elisha amemsoma nusu. Kabla ya kumfuata Eliya aliomba kwenda kumbusu baba yake na mama yake, na nyama ile aliwapa watu wakala. Tena ile nyumba ilikuwa na jozi kumi na mbili za ng'ombe wanalima, haikuwa nyumba inayosubiri mshahara wake ili dawa ziingie. Alichotoa kilikuwa chake.

Hapo ndipo pa kuangalia. Bwana Yesu kwenye Marko 7 aliwakemea sana watu waliokuwa wanasema hiki ambacho ningekusaidia wewe mama yangu ni Korbani, nimekwisha kukitoa kwa Mungu, basi wanahesabu kwamba wametoa. Mshahara wako unaweza kuutoa, usingizi wako, jina lako ofisini, hata nyumba uliyopanga kujenga. Dawa za mama yako sio zako za kutoa. Ukienda kule na yeye anakosa dawa huku, aliyetoa sadaka ni mama na hajaulizwa.

Sisemi usiende. Mimi mwenyewe nimeolewa kwenye huduma, nimelala nyumba za udongo huku Buha vijijini, nimelea watoto kwa mahindi ya washirika na sijuti. Ninachosema ni kwamba wito hauogopi kuulizwa maswali. Samweli aliitwa usiku, asubuhi yake akaamka akafungua milango ya nyumba ya Bwana kama kawaida yake, na ilibidi mzee Eli amsaidie kujua ni sauti ya nani. Wewe Eli wako ni nani? Umesema umeshirikisha wachache, je mchungaji wako yumo? Kwenye Matendo 13 Roho alisema na Barnaba na Sauli wakiwa katikati ya kanisa, na kanisa likafunga likaomba likawawekea mikono ndipo wakaenda. Sasa wewe kanisa lako la mjini linakutuma, au litasikia tu kwamba umeenda?

Nenda kwa mchungaji na maswali ya wazi. Kanisa la mjini litachangia nini kila mwezi, hata kama ni kidogo? Bima ya afya nani analipa? Binti peke yake kwenye chumba nyuma ya kanisa, mlango una komeo, jirani ni nani, unaripoti kwa nani ukisumbuliwa? Hili la mwisho usione aibu kuliuliza, nimeona mabinti wazuri wa Mungu wakiumia kwa sababu kila mtu alidhani kuuliza ni kukosa imani. Yaandikwe, wazee wa pande zote mbili waweke sahihi.

Mfuga Nyuki, Urambo

Mwangaluka dada. Mimi niko mkoa wa Tabora huku kwenye tumbaku, natumika na vijana wa vijijini muda mrefu sasa na mama hapo juu amesema kweli, mi nitaongeza upande mmoja ambao watu hawausemi.

Siku ya kuacha kazi ni rahisi. Siku hiyo unaombewa, watu wanalia, unaondoka umejaa. Kazi iko mwaka wa tatu, pale vijana walikuwa arobaini wamebaki sita, mvua imekata barabara, mliyesoma naye anatuma picha ya nyumba aliyopaua na we betri ya sola imekufa. Hapo hakuna anayekupigia kukuuliza habari za wito.

Nilipofika huku kijana mmoja aliniuliza baada ya ibada, "mtumishi, we unaondoka lini?" Hakuwa na ubaya, alikuwa anataka kujua tu. Kabla yangu walipita wengine, kila mmoja na gitaa lake na moto wake, akaanzisha kwaya, akaanzisha mkesha, afu akaondoka na wengine hata hawakuaga. Kwa hiyo vijana wamejifunza kutompa mtu moyo wao. Ilichukua muda mrefu sana yule kijana kuniambia jambo la maana, na aliniambia usiku kwenye bani. Wasiojua, bani ni ile nyumba ya kukaushia tumbaku, moto wake hauruhusiwi kuzimika wala kuzidi, inabidi mtu akeshe anachochea kuni, na wanaokesha ni vijana. Nikagundua kumbe wanapatikana pale! Mchana wamechoka, Jumapili wamelala, ila usiku kwenye bani kijana yuko macho, yuko peke yake na ana muda. Mpaka leo naenda na chai kwenye chupa, tunachochea wote tunaongea. Nimehubiri kwenye mabani kuliko madhabahuni.

Ndo maana nakwambia swali lako usiulize kama utaweza kuacha kazi. Uliza utaweza kukaa. Na kukaa kunahitaji hela, tusidanganyane. Paulo pale Korintho alishona mahema pamoja na Akila na Prisila huku anahubiri, Matendo 18, na hakuna aliyesema wito wake ni nusu. Mi nafuga nyuki, asali ya msitu wetu wa miombo ndo imenisomeshea watoto na ndo imenipa uhuru wa kumwambia tajiri yeyote ukweli maana sili kwake. We ni mhasibu. Vijana wa ziwani hela wanazipata, usiku mmoja dagaa wakikubali kijana anashika hela kuliko mwalimu, asubuhi ya pili hana. Wafundishe kuweka akiba, waanzishie kikundi, waandikie vitabu hata matajiri wa mitumbwi kwa malipo halali. Hiyo nayo ni huduma. Usisahau na NSSF ya hiari, uzee hauulizi kama ulikuwa mtumishi.

Mkristu wa Ujiji

Tumsifu Yesu Kristu. Mimi ni Mkatoliki, natumaini naruhusiwa kuchangia.

Hilo la kukaa la ndugu wa Urambo limenikumbusha Adrian Atiman ambaye wazee wetu wa ziwani wanamjua vizuri. Alitekwa mtumwa akiwa mtoto huko Afrika Magharibi, Wamisionari wa Afrika wakamkomboa, wakamsomesha utabibu Malta, akaletwa Karema huku kusini mwa ziwa letu mwishoni mwa miaka ya 1880. Hakuwa padre. Alikuwa katekista na tabibu, akaoa hapohapo, akatibu watu na kufundisha dini mpaka alipofariki mwaka 1956, zaidi ya miaka 60 sehemu moja. Huyo mtu angeweza kutafuta njia ya kurudi kwao, na kwa elimu ile angeweza kuishi vizuri popote. Utabibu wake hakuuweka pembeni ili awe mtumishi, ndio alioutumikia. Kwa hiyo dada uhasibu wako usiuone kama kitu cha kidunia cha kuacha bandarini.

Mwenyeji wa Ziwani

Mimi nimezaliwa vijiji hivyohivyo vya kaskazini, nina mawili matatu ya kawaida kabisa.

Moja, fuata mwezi. Wavuvi wa dagaa wanavua kwa taa, kwa hiyo mbalamwezi ikiwa kali hawatoki, wanakaa nyumbani wanashona nyavu, wanakunywa na kugombana. Semina, maombi, masomo ya akiba, vyote weka mbalamwezi. Kanisa letu lilikuwa linaweka mikutano ya vijana kwa kalenda ya mjini, ukumbi unajaa akina mama na watoto tu, watu wanasema vijana wa ziwani ni wagumu. Hawakuwepo!

Pili, mama mpeleke akaone. Anachokijua kuhusu kule ni dagaa na miguu kuvimba, hawajui hao watoto. Hata Jane Goodall alipokuja Gombe mwaka 1960 kuanza utafiti wa sokwe, serikali ya wakati ule ilikataa binti akae porini peke yake, akaja na mama yake, na mama huyo akawa anagawa dawa kwa wavuvi. Sasa kama mama wa Kizungu alikuja kwa ajili ya sokwe, mama yako hawezi kuja siku tatu kwa ajili ya watu?

Binti wa Gungu

Wapendwa nashindwa hata nianzie wapi. Mama wa Kasulu, shikamoo, lile la sadaka ambayo mama hajaulizwa lilinikosesha usingizi.

Nimeongea na mchungaji, amesema nisiandike barua ya kuacha kazi sasa hivi. Atalipeleka kwenye baraza la wazee, na kwa kipindi hiki niombe likizo yangu niende mbalamwezi, kanisa litalipa nauli. Kwa bosi nitauliza kama naweza kufunga vitabu vya mwezi kwa mkataba badala ya kukaa ofisini kila siku, akikubali dawa za mama na mdogo wangu vinakuwa salama. Marejesho ya vikoba namaliza kwanza, hilo nimeamua.

Na mama jana nilimsomea majibu yenu yote, hata la Kijana wa Mwanga. Alinyamaza, afu akauliza hao watoto wanakula nini ziwa likifungwa. Nikamwambia sijui vizuri. Akasema basi twende nikaone, ila sijakubali kitu. Nimemwambia sawa mama.

Sasa Mwenyeji wa Ziwani nisaidie, boti gani ina afadhali kwa mtu mzima mwenye miguu mibovu?

Mwenyeji wa Ziwani

Fika Kibirizi mapema muulizie boti yenye turubai na mabenchi, isiyojaza mizigo. Mkae katikati, mbele kunapigwa sana na mawimbi, na msipande kama hawana maboya ya kutosha. Dawa zake abebe mkononi kwenye mfuko wa nailoni, zisikae kwenye begi, na chakula chake abebe maana boti ikichelewa inachelewa kweli na mtu wa sukari hatakiwi kukaa na njaa. Kushuka ni kwenye maji, hakuna gati, mwambie nahodha mapema kuna mama wa kubebwa, vijana wa pale watakuja wenyewe kumshusha.