Mjadala: Mtu mzima apimwe uzito zahanati hata kama kaja na kikohozi?

Mleta mada: Nasema apimwe, tena apangiwe tarehe ya kurudi. Utafiti wa kitaifa wa 2015-16 ulikuta asilimia 28 ya wanawake wa Tanzania wenye miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au kiribatumbo. Mtoto ana kadi ya kliniki inayofuatilia kilo zake. Mtu mzima anasubiriwa mpaka presha imshike, ndipo anaambiwa "punguza mwili", basi. Apunguze vipi? Ukipunguza asilimia 5 hadi 10 tu ya uzito, presha na sukari hushuka. Kwa mwenye kilo 90 ni kilo 4.5 hadi 9, zinawezekana.

Tabibu wa zahanati: Tuko wawili, foleni inaanza alfajiri. Mama kaja na homa, ukimgusia mwili anaona umemtukana. Mtaani kunenepa ni kunawiri. Aliyekonda ndiye anayeulizwa anaumwa nini. Nina wanaotumia ARV wanaoshukuru mwili umerudi. Niwaambie wapungue? Serikali ipandishe kodi ya soda kwanza.

Mleta mada: Kodi sawa, lakini haimsaidii aliyekwisha kukaa mbele yako. Na hao wa ARV ndio wa kuanza nao, maana dolutegravir, mojawapo ya dawa hizo, huwaongezea wengi uzito. Tena CTC, yaani kliniki ya wenye VVU, wana kadi yenye tarehe, mshauri yupo, asiyetokea anatafutwa. Utaratibu tunao tayari! Uingereza, utafiti wa DiRECT wa 2017 ulitumia wauguzi na wataalamu wa lishe wa vituo vya kawaida: baada ya mwaka, karibu nusu ya wenye kisukari cha aina ya pili waliosimamiwa wapungue uzito walikuwa nje ya kiwango cha kisukari bila dawa. Walipewa vyakula maalumu ambavyo sisi hatuna, najua. Ninachotaka ni ule ufuatiliaji.

Mgonjwa wa presha: Mnasahau aibu. Kwetu mizani iko barazani, kilo zinatajwa kwa sauti, foleni nzima inasikia. Ndiyo maana wengine wenye miili mikubwa tunachelewa kuja mpaka hali iwe mbaya. Wekeni mizani ndani, muniombe ruhusa kwanza, kisha mniulize ninakula nini na saa ngapi. Nitajibu ukweli.

Tabibu wa zahanati: Mizani naihamisha hata kesho. Wa kushika daftari la tarehe na kupiga simu ndiye sina. Halmashauri itamwajiri?