Tupeane uzoefu: wavuvi wa ndoano mlioko Marekani, sanfishi (sunfish, wale samaki wadogo bapa wa ziwani na mtoni) aina zake mnazitofautishaje?

Mzee wa Gatini (Minnesota)
Wakuu, habari za Jumapili. Jana kijana wangu kavua kasamaki kana tumbo la rangi ya chungwa, mashavu yana mistari ya buluu kama kachorewa kwa kalamu. Gatini tulikuwa watu watatu, majina yakatoka matatu. Tupeane uzoefu, mnatumia alama gani?

Binti Ukerewe
Umenigusa. Naweka kambi hapa.

Kiboko ya Sato (Ohio)
Hao wote ni perege, mkuu. Wazungu wamezidi kuongeza majina tu. Kaanga, weka ndimu, maisha yaendelee.

Mama Ndoano (Michigan)
Kiboko usipotoshe watu. Perege ana tundu moja la pua kila upande, sanfishi ana mawili. Halafu tazama mstari wa ubavuni: wa perege hukatika katikati, wa sanfishi unakwenda bila kukatika hadi mkiani. Ni koo mbili tofauti kabisa.

Kiboko ya Sato (Ohio)
Dada, nani anamchungulia samaki puani?

Mama Ndoano (Michigan)
Anayetaka kumjua. Wewe endelea na ndimu yako.

Mzee wa Gatini, rangi isikubabaishe. Dume akiwa anatunza kiota mwanzoni mwa kiangazi huwaka rangi zote, jike na wadogo wamefifia tu. Anza na kijisikio, ile ncha nyeusi mwisho wa kifuniko cha matamvua. Kikiwa cheusi chote, mdomo mdogo, na kuna doa jeusi nyuma kwenye pezi la mgongoni, huyo blugili. Kikiwa na kinukta chekundu nchani na mashavu yana mistari ya buluu, huyo pampkinsidi, na ndiye wa kijana wako. Redia naye ana wekundu pembeni mwa kijisikio, ndiyo maana watu huwachanganya, ila mashavu yake hayana ile mistari. Wote wawili wanasaga konokono kooni. Ukiona mdomo mpana, taya imefika chini ya jicho, na mapezi yana ukingo wa njano, huyo ni sanfishi wa kijani.

Fundi Bomba
Na machotara? Wa kijani na blugili wanazaana sana kwenye mabwawa ya mashambani. Nusu ya hao mnaobishania hawana jina moja.

Omosh (Minnesota)
Wacha niwaambie kwa nini hii maneno si ya mchezo. Shemeji yangu ametoka Kisumu, mtu amekulia ziwani, huwezi kumwambia kitu kuhusu samaki. Jioni moja tukaenda, jua likizama wakaanza kula ndoano bila kupumzika. Yeye anatoa tu, anatia kwenye ndoo. Nikamwambia shem, hawa weupe wenye madoa ni krapi, aina nyingine, wahesabu kando. Akanijibu, "Samaki ni samaki, wewe umekuwa Mzungu lini?"

Kumbe askari wa wanyamapori ako nyuma yetu kitambo. Akasalimia vizuri, akauliza leseni, akamwaga ndoo kwenye nyasi. Akapiga magoti, akawa anafungua lile pezi la nyuma ya tumbo, mmoja mmoja, na tochi mdomoni. Miiba mitatu, anaweka kushoto. Miiba sita, kulia. Shemeji anacheka, ananiuliza kwa Kijaluo kama huyu mtu ni mzima. Wa kulia ndio krapi, wakafika 14. Sheria ya jimbo ni krapi 10 kwa mtu mmoja, sanfishi ndio 20, na kuna maziwa wameshusha hadi 10 au 5. Kicheko kikaisha. Faini akalipa, krapi wakaenda, na kurudi nyumbani gari lote kimya mpaka dada yangu anafungua mlango anauliza, "Samaki wako wapi?"

Binti Ukerewe
😂😂😂 Tochi mdomoni!

Kiboko ya Sato (Ohio)
Mimi ningerudisha ndoo nzima majini fasta.

Fundi Bomba
Na kesi ya pili ungeipata hapo hapo.

Papa Uvira (Kentucky)
Bandugu, miye nko Louisville. Huku blugili hawana idadi, lakini redia ni 20 kwa siku. Kwa hiyo kijisikio ni lazima kukiangalia. Soma kile kitabu cha jimbo yako, usifuate ya jirani. Na usipasue samaki pale pale ku mayi, beba yeye mzima mpaka nyumba, kichwa ndiyo ushahidi yako.

Kiboko ya Sato (Ohio)
Mimi napasua pale pale, uchafu unabaki hukohuko.

Papa Uvira (Kentucky)
Basi chunga mfuko wako, ndugu.

Mwana Naivasha
Mnawashangaa kama wageni, na yule samaki besi (bass) wa Ziwa Naivasha aliyeletwa 1929 ni wa ukoo huu huu wa sanfishi.

Mama Ndoano (Michigan)
Kweli kabisa. Ila yeye mdomo wake unapita jicho.

Mdau Mgeni
Omosh, shemeji aliendelea kuvua? Leseni alikuwa nayo? Yuko single?

Omosh (Minnesota)
Leseni alikuwa nayo. Anavua bado, sasa anahesabu miiba kwa sauti hadi watu wanahama gati. Na ameoa dada yangu, nimeandika hapo juu, soma uzi.