Siku 4 porini, begi kilo 21: akiba iwe kiasi gani?

MguuWaKwanza: Wakuu, naomba msaada. Mimi na mdogo wangu tunapanga kutembea siku 4, kulala 3, jumla kilomita 58. Siku ya tatu ramani inaonyesha kilomita 12 bila mto wala kisima, na humo humo tunapanda mita 1,200. Kwa woga nimejaza chakula changu cha siku 7 na lita 6 za maji za kubeba muda wote. Begi limefika kilo 21 na mgongo umeanza kulalamika hapa sebuleni. Nipunguze nini bila kuhatarisha maisha?

Nyayo77: Ndugu, woga wako ni halali, ila umeuweka mahali pasipo na hatari. Siku ya 1, 2 na 4 unapita kwenye vijito. Lita 2 na chujio zinatosha. Lita 1 ni kilo 1, hakuna ujanja hapo.

Sasa siku ya tatu. William Naismith, mpanda milima wa Scotland, alitoa kanuni yake ya kukadiria muda wa kutembea mwaka 1892: saa 1 kwa kila kilomita 5, halafu ongeza saa 1 kwa kila mita 600 za kupanda. Kilomita 12 ni kama saa 2 na nusu, mlima ni saa 2: jumla 4 na nusu. Kanuni hiyo haihesabu mapumziko wala mzigo, kwa hiyo mimi huongeza nusu yake. Tuseme saa 7. Nusu lita kwa saa inakupa lita 3 na nusu, weka na lita 1 ya akiba. Kila mtu aanze kipande hicho na lita 4 na nusu, na asubuhi mnywe mshibe kabisa kabla ya kuondoka mtoni. Jua likiwa kali, hesabu hiyo haitoshi; ondokeni alfajiri.

Chakula: siku moja ya ziada, basi. Gramu 800 za chakula kikavu kwa siku zinatosha wengi, hasa ukichanganya karanga, maana gramu ya mafuta ina kalori 9 na ya wanga 4. Ile ya ziada ifunge mfuko wake, uiweke chini kabisa, isiguswe.

Nakwambia haya kwa sababu mto uliwahi kujaa tukiwa njiani tukalala upande usio wetu. Chakula tulikuwa nacho tele na hakuna aliyekigusa. Kilichotutesa ni baridi. Sweta langu lilikuwa limelowa chapachapa kwa vile nililifunga nje ya begi, na nilitetemeka mpaka vidole vikashindwa kuvuta zipu ya hema. Tangu siku hiyo nguo za kulalia zinakaa kwenye mfuko usiopitisha maji, hata kama anga ni jeupe.

JikoDogo: Naongezea gesi tu. Lita 1 ya maji hula gramu 10 hadi 15, upepo ukiwepo zaidi. Watu wawili mkichemsha lita 3 kwa siku, mtungi wa gramu 230 unawafikisha. Upime ukiwa mpya, uandike uzito kwa kalamu ubavuni. Baridi ikikaribia nyuzi 0 butani, yaani gesi ya mtungini, hugoma, kwa hiyo ulaze ndani ya begi la kulalia pamoja na simu.

MguuWaKwanza: Asanteni sana. Nimepanga upya, begi lina kilo 15 na ushee nikiwa na lita 2. Akiba yote nibebe mimi kama mkubwa?

Nyayo77: Hapana, tafadhali. Mkipotezana kwenye ukungu dogo atabaki mikono mitupu. Maji, tochi, filimbi na nguo ya joto kila mtu abebe vyake. Na nyumbani acha karatasi yenye njia mtakayopita na saa: mnatarajiwa saa 12 jioni, ikifika saa 4 usiku kimya, wapige simu kwa waokoaji.

MguuWaKwanza: Karatasi naiandika usiku huu, nampa mama.