Kipa anapanga ukuta, mpira tayari uko wavuni: lile ni goli halali?

Kocha wa vijana, Nyakato

Wapenda soka wa Mwanza, nalileta jambo hili hapa kwa sababu tangu Jumapili limeugawa mtaa wetu. Kuna watu wazima waliokuwa wanakaa kijiwe kimoja ambao leo wanapishana bila salamu.

Ilikuwa fainali ya bonanza la vijana chini ya miaka 15, zawadi mbuzi na seti ya jezi. Uwanja wa vumbi, chokaa imeshafutika nusu. Dakika za mwisho, bila kwa bila. Beki wetu akamkwatua mshambuliaji wao hatua chache nje ya kumi na nane, faulo ya wazi kabisa. Refa akapuliza. Kijana wao akauweka mpira chini, akanyoosha mkono, akapaza sauti: "Hatua! Hatua!" Kipa wetu aliposikia hivyo akaenda kwenye mlingoti wa kushoto, akaushika kwa mkono mmoja, akaanza kupanga ukuta: sogea, ongeza mtu, rudi kidogo. Refa naye alikuwa ameanza kutembea kuelekea kwa vijana wetu. Mara mpira umepigwa chini chini upande wa kulia, ambako hakukuwa na mtu. Refa akanyoosha mkono kati. Moja bila, na mechi ikaishia hapo.

Nianze na nisichokilalamikia. Faulo kuanzishwa haraka si dhambi, na vijana wangu nawafundisha kila wiki. Anayechezewa rafu anakuwa ameshapita mabeki wawili, mbele yake kuna uwazi, halafu anaangushwa. Filimbi ikilia, timu iliyokosea inapata muda wa kurudi watu wote nyuma ya mpira. Tukisema lazima wasubiriwe mpaka wamalize kujipanga, tutakuwa tunamlipa aliyekwatua. Ukuta si haki ya timu iliyokosea.

Goli la Thierry Henry wa Arsenal dhidi ya Chelsea, tarehe 12 Desemba 2004 pale Highbury, wengi mnalikumbuka. Petr Čech, kipa wa Chelsea, alikuwa bado mlingotini anapanga watu wake, Henry akaweka mpira kimiani. Chelsea walimzonga mwamuzi, Graham Poll, lakini goli likabaki na mechi ikaisha 2-2. Poll alieleza baadaye kwamba Henry alimwomba apige, naye akamruhusu. Goli lile mimi nalikubali lote, kwa sababu Henry hakuomba hatua. Alitaka kuwahi, akasema anataka kuwahi, akawahi.

Hoja yangu iko hapo. Ukiomba hatua umechagua. Umemwambia refa asimamishe mchezo awarudishe wapinzani, na umemwambia kipa kwamba sasa tunasubiri filimbi. Ukipiga wakati yeye amekuamini, huo si wepesi wa akili, ni kumdanganya mtu mchana kweupe. Nataka kusikia mnasemaje, hasa waliowahi kushika filimbi.

Mwamuzi wa zamani, Igoma

Kocha, nimechezesha mechi za mitaa miaka mingi na nakushukuru kwa kuuliza bila matusi. Nieleze sheria inavyosema, maana watu wanabishana kwa kelele.

Sheria namba 13 ndiyo ya mipira ya adhabu. Mpira uwe umetulia, upigwe pale rafu ilipotokea, na wapinzani wawe umbali wa mita 9.15, ndiyo zile yadi 10 za zamani. Filimbi ya kuanzisha haihitajiki kwa faulo ya kawaida, na hapo watu wengi wanakosea. Inahitajika pale mwamuzi anaporudisha ukuta, anapotoa kadi, anaposhughulikia majeruhi au mabadiliko ya wachezaji. Akishaingia kwenye kazi hizo, anamwonyesha mpigaji filimbi kwamba asubiri mlio.

Lipo na jingine ambalo walinzi hawapendi kulisikia. Ukiamua kuwahi, hizo mita 9.15 umezisamehe mwenyewe. Mpinzani aliyekuwa karibu akiunasa mpira, mchezo unaendelea. Lakini mpinzani akienda kusimama mbele ya mpira kwa makusudi ili usiwahi, hiyo ni kadi ya njano. Na tangu 2019 sheria imeongeza nguvu kwa anayewahi: hata kama kuna kadi ya kutolewa, mwamuzi akiwa hajaanza kuitoa na timu iliyochezewa rafu ikawahi kupata nafasi ya wazi ya kufunga, anaacha mchezo uende, kadi itatoka mpira ukisimama.

Kwa hiyo swali la Jumapili ni moja tu: je, refa alikuwa ameshaanza kurudisha ukuta? Kama alikuwa ameanza, ilitakiwa upigwe upya. Kama alikuwa anatembea tu kutafuta mahali pa kusimama, goli ni halali. Kosa ninaloliona ni la mwenzangu huyo kutoonyesha ishara yoyote. Mwamuzi ukikaa kimya, kila mtu anaokota maana yake.

Straika wa ndondo, Mabatini

Kocha, heshima yako, lakini mimi siwezi kumlilia kipa hapa.

Ninyi hamjui kinachotupata huku mchangani. Rafu siku hizi ni mpango wa mchezo. Nikigeuka tu na mpira navutwa jezi katikati ya uwanja, mbali na lango, ambako refa hatoi kadi. Halafu wanakuja watatu wananizunguka: mmoja anauchukua mpira anaubeba chini ya kwapa, mwingine ananipa mkono kama rafiki, wa tatu anabishana na refa. Nikija kupiga, wote kumi wako nyuma ya mpira. Hiyo hamwiti uhuni, mnaiita uzoefu. Siku nikiwawahi, mnataka tuitishe mjadala wa uungwana.

Mwaka 2007, Februari 20, Ryan Giggs aliwafanya hivyo hivyo Lille kwenye Ligi ya Mabingwa, dakika ya 83, kipa anapanga ukuta. Wachezaji wa Lille wakaanza kutoka uwanjani kwa hasira. Wakakata rufaa UEFA, ikakataliwa. Manchester United walishinda moja bila. Mpira ukisimama, macho yako yawe kwenye mpira. Mimi nilifundishwa hivyo nikiwa mtoto, kwenye vumbi, bila viatu.

Mtazamaji, nilikuwa nyuma ya goli

Kocha, naomba niseme nilichokisikia kwa masikio yangu, maana nilikuwa hatua kumi kutoka pale. Yule kijana hakumwambia refa "hatua". Aliwaambia vijana wako. Wawili walikuwa wamesimama juu ya mpira kabisa, mmoja anausukuma kwa mguu usitulie. Yeye akawafukuza: hatua, hatua, rudini. Uso wake ulikuwa kwao, refa alikuwa mgongoni kwake. Wakarudi kama mita tatu hivi, akaona njia, akapiga.

Najua mmeumia. Lakini ulivyoeleza wewe inaonekana kama alimtegea kipa, na mimi sikuona hivyo.

Mwamuzi wa zamani, Igoma

Hilo la ndugu aliyekuwa nyuma ya goli linabadilisha mambo. Kumwambia mpinzani arudi si sawa na kumwomba mwamuzi apime. Mchezaji ana haki ya kuwaambia wapinzani wampishe na akapiga hapo hapo. Na huyo aliyekuwa anausukuma mpira kwa mguu alistahili kadi ya njano kwa kuchelewesha. Kama refa angeitoa, mchezo ungesimama rasmi, kipa angepata muda wote anaoutaka, na leo tusingekuwa hapa. Ona jinsi kosa dogo lililoachwa linavyozaa kubwa.

Mzee wa Nansio, Ukerewe

Wanangu, nawasoma tangu asubuhi. Mimi nimecheza mpira kipindi ambacho timu ya kisiwa ilipanda meli kwenda Mwanza, ikalala kwa watu, ikacheza, ikarudi. Mliolala kwao ndio mliocheza nao. Kwa hiyo hatukuweza kushinda kwa namna ambayo jioni tungeshindwa kula sahani moja.

Sheria mnaijua kunizidi, siwapingi. Ila sheria inakwambia unachoruhusiwa, haikulazimishi ukifanye. Mnamkumbuka Kanu, Mnigeria, mwaka 1999 Arsenal wakicheza na Sheffield United Kombe la FA. Mpira ulikuwa umetolewa nje kwa sababu ya majeruhi, Arsenal wakaurusha ili kuurudisha kwa wenyewe, Kanu akauwahi, akampa Overmars, akafunga. Kwa sheria lilikuwa goli. Wenger mwenyewe, kocha aliyeshinda, akasema mechi irudiwe. Ikarudiwa siku kumi baadaye, Arsenal wakashinda tena 2-1. Sasa mimi nawauliza waliochukua mbuzi Jumapili: mngeogopa nini kurudia?

Straika wa ndondo, Mabatini

Shikamoo mzee wangu. Mfano wa Kanu ni mzuri lakini hauingii hapa. Pale Sheffield walikuwa wameutoa mpira wenyewe kwa hiari ili mtu atibiwe, kwa hiyo Arsenal walikuwa na deni. Jumapili deni lilikuwa la aliyekwatua. Hakuna aliyeumia, hakuna aliyetoa mpira kwa wema. Mtu akinitendea wema nikautumia kumpiga, nina hatia. Mtu akinikwatua nikainuka haraka kuliko alivyotegemea, hatia yangu iko wapi?

Nakuheshimu sana mzee, ila hilo la kurudia nalikataa.

Mzee wa Nansio, Ukerewe

Marahaba. Umejibu vizuri, mjukuu wangu. Nimekuelewa kwenye hilo la deni, na kwa kweli sikuwa nimelitazama hivyo. Bado nasema mngeenda kuwasalimia walioshindwa kabla ya kumfunga mbuzi kamba.

Mama wa kipa

Mimi mpira siujui sana, nauza dagaa Mwaloni, naondoka nyumbani kabla ya jua. Lakini huyo kipa mnayemsema amezubaa ni mwanangu, ana miaka 13. Jumapili alirudi hakula. Jumatatu shuleni wakamwita "mlingoti". Jana ameniambia hataki tena kusimama golini.

Naomba kuelezwa jambo moja tu na ninyi mnaojua. Alifanya alichofundishwa au hakufanya? Kama alifundishwa kwenda kwenye mlingoti kupanga watu, akaenda, kwa nini anachekwa yeye na si aliyemfundisha?

Kocha wa vijana, Nyakato

Mama, nimesoma ujumbe wako mara tatu kabla ya kujibu. Alifanya nilichomfundisha. Hivyo hivyo, neno kwa neno. Nilimwambia akisikia "hatua" aende mlingoti wa karibu apange ukuta. Sikumwambia kwamba mpaka refa aonyeshe filimbi, mpira ule unaweza kupigwa wakati wowote. Sikumwambia ampe beki mmoja kazi ya kupanga ili yeye abaki katikati ya lango akiutazama mpira. Hilo ni langu.

Nimewauliza pia wale vijana wawili waliokuwa juu ya mpira. Mmoja amekiri alikuwa anausukuma. Nilipomuuliza nani alimtuma, akaniambia: "Wewe kocha, ulisema tusiwape nafasi ya kuanza." Na ni kweli nilisema, mapumziko, nikiwa na hasira. Kwa hiyo goli lile nalirudisha kwa wenyewe. Lilikuwa halali, nami nitakwenda kumwambia kocha mwenzangu uso kwa uso.

Lakini hoja yangu ya kwanza siiachi, hata kama Jumapili si mfano wake. Mchezaji akimwomba refa apime hatua, refa akaanza kazi, halafu mpira ukapigwa, goli hilo lisihesabiwe, na anayelifunga asipigiwe makofi. Naliona hata kwenye mazoezi ya watoto wadogo: mmoja anaomba hatua kwa sauti ya upole, mwenzake anapiga kwa pembeni. Wanalipanga kabla. Hapo mtoto hafundishwi kuwahi, anafundishwa kwamba neno lake mwenyewe halina uzito.

Wabeja, yaani asante, mwamuzi wetu wa Igoma. Ningeomba kama unaweza uje siku moja uwaonyeshe vijana ile ishara ya filimbi, na uwaeleze waamuzi wetu wa mtaani pia. Wengi wao ni vijana waliopewa kipyenga asubuhi ya mechi.

Mwamuzi wa zamani, Igoma

Nitakuja Jumatano saa kumi. Niwekeeni mipira miwili na chokaa kidogo. Nataka wapime wenyewe mita 9.15 kwa miguu yao, maana wengi wanadhani ni hatua kumi za mtu mzima aliyekasirika. Na kuna la faulo isiyo ya moja kwa moja, ile refa anayoinua mkono juu. Ukiwahi ukaipiga ikaingia wavuni bila kumgusa mtu mwingine, si goli, ni goli kiki. Nimeona timu ikishangilia dakika nzima kwa jambo hilo, halafu ugomvi.

Straika wa ndondo, Mabatini

Mama, mimi ndiye niliyeandika kwamba siwezi kumlilia kipa. Sikujua ana miaka 13. Nisamehe kwa hilo. Mwambie Čech alifungwa hivyo hivyo na aliendelea kuwa kipa mkubwa duniani. Jumatano nitapita pale na viatu vyangu, nitampigia faulo za haraka mpaka azizoee.

Mama wa kipa

Nimemsomea yote. Hajasema kitu, ila ameuliza glovu ziko wapi.

Kocha wa vijana, Nyakato

Ziko kwangu, mama. Nilizifua Jumatatu.